Harufu ya Ndimu Nyuma ya Bibi Arusi

Dominika, tarehe 29 mwezi wa saba, 1956

Nimerudi kutoka Misa na sikumbuki hata neno moja la mahubiri. Mungu anisamehe. Kosa ni la Capitoline.

Daftari yangu, unamjua Capitoline, mke wa Ndikumana shofere wa kamiyo, lile lori la pamba, kule Kimanga. Tumekaa benchi moja miaka kumi na mmoja. Leo ameingia amechelewa (makusudi!), akapita katikati ya kanisa, na nyuma yake ikapita harufu. Ndimu! Lakini si ndimu ya jikoni. Ndimu iliyovaa viatu. Kina mama wakageuka mmoja mmoja kama majani ya muhogo upepo ukipita. Ndikumana amemletea marashi kutoka Usumbura. Odekoloni, wanasema.

Mimi niliona inanuka kama maji ya kuoshea sakafu ya ofisi ya serikali. Niliamua hivyo kabla ya Kyrie. Kwenye Gloria nikaona ni mbaya zaidi. Kwenye Credo ilikuwa imetulia kidogo, nikaona ni mbaya kwa namna nyingine.

Basi baada ya Misa, Ernestine wa Runingu akamshika Capitoline mkono, akanusa kifundo. Akanusa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua! Akasema, yoo, Mama Claire, weye sasa umekuwa bustani ya Masista.

Hapo ndipo nilipokumbuka arusi. Binti ya Ernestine, Marie-Rose, anafunga ndoa tarehe 18 mwezi ujao, na marene hajatajwa. Marene ndiye mwanamke wa kusimama nyuma ya bibi arusi mbele ya altare, kumshikia maua, kutia sahihi kitabuni. Na toka siku ile bibi arusi humwita mama mpaka kaburini. Capitoline amekwisha kuwa marene mara mbili, na nyumbani ana binti yake mwenyewe, Claire. Mimi ni mkubwa wa kina mama wanaofua vitambaa vya altare, mwaka wa tisa huu, na hakuna aliyeniomba. Hata mara moja! Mungu alinipa mvulana mmoja, Onesphore, naye yuko mbali na kazi. Binti sina.

Marie-Rose ni wangu. Nimeshamwambia dada yangu wa Kiringye.

Jumatatu, tarehe 30

Nimekwenda kwa Capitoline kuomba chumvi. Chumvi nilikuwa nayo. Nilitaka kuijua harufu ile kwa karibu, maana adui humjui ukiwa mbali.

Akanipokea vizuri, jambo lililonichukiza. Chupa iko juu ya kabati, pembeni ya Bikira Maria. Pembeni kabisa! Kabla sijaomba chumvi amenidondoshea tone moja kwenye kifundo cha mkono, akasema, jaribu na weye, Mama Onesphore, tusizeeke bila kujua mambo. Nikasema aksanti kwa sauti ya mtu anayepewa dawa ya minyoo.

Saa sina, lakini rozari ninayo. Nimeipima hivi:

Papo hapo: ni kama umekunja ganda la ndimu karibu na jicho. Kelele tupu. Nikafurahi.

Rozari ya kwanza ilipoisha: kelele zimekwisha. Jani la mndimu lililosagwa kwa vidole, na uchungu kidogo, ule wa nyama nyeupe chini ya ganda. Uchungu! Nikasema ndiyo tabia yake Capitoline, sasa inatoka.

Kengele ya Malaika wa Bwana saa sita: ua la mndimu, asubuhi, umande bado uko. Nilinusa mara tatu. Mara mbili zilikuwa bila kukusudia.

Rozari ya tatu: sabuni. Nguo iliyopigwa pasi.

Jioni, mpaka uguse ngozi kwa pua: Onesphore. Onesphore wa miezi mitatu, ametoka kuogeshwa, amelala kifuani pangu. Nikalia kidogo. Kizito mume wangu akaniuliza ni nini. Nikasema moshi.

Kisha nikakumbuka ni ya Capitoline. Yaani harufu ya mtoto wangu iko kwenye kabati ya yule! Nikasugua mkono kwa majivu.

Hitimisho: marashi hayana msimamo. Asubuhi ni hili, jioni ni lile. Lakini Ernestine alinusa tone jipya tu, hajui mengine. Nami lazima ninukie.

Jumatano, tarehe 1 mwezi wa nane

Odekoloni ni nini? Ndimu na pombe kali. Capitoline mwenyewe aliniambia, amesomewa karatasi ya chupa. Ndimu ziko sokoni. Pombe kali iko nyumbani kwangu: Kizito ana chupa ya kanyanga, ile inayokatazwa na serikali, ameificha nyuma ya mtungi. Anasema ni dawa ya mgongo. Mgongo wake unauma siku za sikukuu tu.

Nimenunua ndimu kumi na mbili za Kiringye, za ganda nene. Nimekwangua maganda, nimetwanga, nimemimina dawa ya mgongo, nimechuja kwa kitambaa cha kichwa cha zamani, nimetia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikafungua, nikanusa mara moja.

Hosana! Ni ileile! Tena ina nguvu kuliko ya Capitoline. Nimefunga haraka isitoroke.

Keshokutwa ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Misa ya Moyo Mtakatifu. Kina mama wote watakuwepo, na habari hupanda bonde mpaka Runingu kabla ya mchana. Ndiyo ninayotaka.

Ijumaa, tarehe 3

Habari imepanda bonde.

Nilijipaka shingoni, mikononi, nyuma ya masikio, na kidogo kwenye kikwembe nilichojifunga. Nilipoingia, Sidonie, wifi yake Capitoline, akanitazama kwa heshima. Kyrie, ndimu. Gloria, ndimu. Kwenye Injili nikajinusa. Ndimu zimekimbia zote kumi na mbili! Imebaki kanyanga, kama baa.

Nikasema moyoni labda ni pua yangu tu. Nikaenda kupiga magoti kwa Komunyo. Nilikuwa sijala wala kunywa toka usiku, kama Kanisa linavyoagiza, hata maji! Padri akafika kwangu. Akainua Ostia. Akavuta pumzi. Akaishusha Ostia, akaenda kwa Sidonie.

Alinipita! Mimi ninayefua kitambaa kile kile kilichokuwa chini ya kidevu changu!

Nimekwenda kuungama palepale. Padri akaniuliza kwa huruma, mama, umeanza kunywa lini? Nikamwambia sikuinywa, baba, nimeivaa. Nilisikia kiti chake kikilia. Akanipa Salamu Maria kumi kwa ajili ya kanyanga na ishirini kwa ajili ya wivu. Za kanyanga nimesali. Zile za wivu sijaelewa ni za nini. Wivu gani? Ule ni uchunguzi.

Kizito ameona chupa yake. Ameuliza mgongo utapona na nini. Nikamwambia na kazi.

Jumamosi, tarehe 4

Nimeamka na akili mpya. Kosa halikuwa ndimu, kosa lilikuwa kanyanga. Ndimu safi, bila chochote, haiwezi kumwaibisha mtu. Nikaamua kwenda Runingu mwenyewe, nimweleze Ernestine kabla hajaelezwa vibaya. Nimekamua ndimu tano, nimejimwagia maji yake shingoni na mikononi.

Kamiyo ya kwenda kubeba pamba ilikuwa moja tu. Ya nani? Ya Ndikumana! Nilipopanda akageuka haraka, akacheka, akasema, Mama Onesphore, minye nimefikiri ni bibi yangu, weye iko unanukia sawa yeye!

Daftari yangu, nilipanda juu ya magunia kama malkia. Shahidi ni mume wake mwenyewe!

Karibu na Runingu gurudumu likapasuka. Jua la kiangazi bondeni unalijua, halina kivuli wala adabu. Tukakaa juani rozari tatu nzima. Ndimu ikafifia, kwa hiyo kila rozari nilijisugua nusu ndimu upya. Niliteseka kwa furaha.

Nyumbani kwa Ernestine nimemkuta Generose, yule mjane wa hapa Uvira anayeuza ndagala ufukweni. Alikuwa anachambua maharagwe pamoja na Marie-Rose, binti amemwegemea begani. Maskini Generose, ndagala zake unazisikia kabla hujabisha hodi! Samaki wadogo vile, harufu kubwa vile. Nilimhurumia yule binti. Lakini amezoea. Alipokuwa anasoma kwa Masista alilala kwa Generose miaka mitatu.

Ernestine akanikaribisha anacheka mpaka anashika ubavu. Habari ya altare ilifika jana na wauza mihogo. Nikamweleza yote, akafuta machozi, akasema, dada, weye utaniua kabla ya arusi. Nikaona ni dalili nzuri.

Kisha Marie-Rose akainua kichwa, akanusa hewa, akamwuliza mama yake kama leo kuna samaki wa kukaanga, maana anasikia ndimu.

Mimi na Generose, ukituweka pamoja, tulikuwa sahani kamili.

Dominika, tarehe 5

Sijakata tamaa. Nina sayansi yangu: odekoloni ya Capitoline haivuki rozari tatu na ua lake. Basi nikamwendea alfajiri, nikamwambia tusali rozari tatu kwa ajili ya roho za toharani kabla ya Misa. Akakubali, tena akafurahi. Alisema amekuwa akitafuta mwenzake wa kusali. Tukapiga magoti nje ya kanisa, juu ya changarawe. Nikasali polepole, kila fumbo kama kuvuka mto Ruzizi kwa miguu. Rozari ya tatu ilipoisha nikamsogelea, nikanusa. Sabuni tupu! Ua limekwisha! Na Ernestine huyo anakuja kwa mbali.

Capitoline akafungua mkoba wake. Akatoa chupa. Akajipaka upya.

Ana chupa ndani ya mkoba! Mtu gani anakuja kuombea roho za toharani na chupa!

Akanipaka na mimi, bila kuniuliza. Magoti yangu yana changarawe mpaka sasa.

Jumatatu, tarehe 6

Shingo inawaka moto. Mikono pia. Kizito anasema nimepata mistari.

Jumanne, tarehe 7

Si mistari. Ni ramani! Kila mahali maji ya ndimu yalipopita na jua likapita juu yake, ngozi imekuwa nyeusi ti, na pembeni kuna malengelenge. Shingoni kuna michirizi minne, kama mtu aliyenimwagia wino. Mkono wa kushoto una alama kamili ya vidole vyangu. Mwuguzi amesema ni ndimu na jua, imewakuta wengi, itafifia baada ya miezi. Miezi! Arusi ni siku kumi na moja!

Capitoline amesikia, amekuja na mafuta ya mawese, akanipaka taratibu shingoni kama mtoto. Mikono yake ina ua la mndimu. Ilikuwa ile saa ya ua hasa, nilijua bila kuhesabu. Nilifumba macho. Ingekuwa ya mtu mwingine ningesema ni harufu nzuri kuliko zote nilizowahi kunusa.

Lakini alinipaka vizuri mno. Anafurahia.

Dominika, tarehe 12

Imekwisha.

Nimefunga kitambaa mpaka kidevuni. Mimi upande mmoja wa Ernestine, Capitoline upande wa pili, na ndimu yake imefika kwenye jani. Baada ya Misa Ernestine akatukusanya kina mama, akasema marene amepatikana. Nikaanza kutabasamu mapema ili nisishtukizwe.

Generose.

Generose wa ndagala!

Nikamtazama Capitoline, naye akanitazama. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na sura moja.

Ernestine akaeleza, na mimi nakuandikia kama alivyosema. Alisema hakuchagua yeye, amechagua mtoto mwenyewe. Kwamba Marie-Rose alipougua matumbo kule Uvira, Generose alimbeba mgongoni mpaka hospitali, akalala chini ya kitanda siku tisa, na samaki zake zote zikaoza ufukweni. Kwamba miaka mitatu hakumhesabia hata kitonge. Marie-Rose alimwambia mama yake hivi, huyo nimeshazoea kumwita mama, mnitafutie mwingine wa nini? Kina mama wakafuta machozi. Generose mwenyewe alisimama pale, anavuta vidole vyake, hajui aweke wapi mikono.

Mimi nilisikiliza kila neno, kisha nikarudi nyumbani nikakaa jikoni nikafikiri mpaka ugali ukaungua.

Na nimeelewa! Amechagua mtoto mwenyewe. Mtoto! Sisi siku zote hizi tunahangaika na pua ya mama, kumbe pua inayochagua ni ya binti. Na binti amelala miaka mitatu katika harufu gani? Ile inayoshika moyo si ile inayopita kwenye Credo. Ni ile inayokaa.

Generose, mjanja weye. Na alijifanya mnyonge!

Jumatatu, tarehe 13

Ufukweni asubuhi na mapema. Nimenunua ndagala, kapu zima, zilizokauka vizuri. Nyingine nimezifunga ndani ya kikwembe changu kizuri, sandukuni. Nyingine nimezishona kwenye kifuko, nimekivaa shingoni chini ya kitambaa, pamoja na skapulari yangu ya Bikira Maria. Generose ameniuzia mwenyewe, akaniongezea konzi mbili bure. Nilimtazama machoni. Hakushtuka hata kidogo. Ni mtu hatari.

Kizito amehamisha mkeka wake barazani. Anasema ni mgongo.

Jumanne, tarehe 14

Siku ya ushindi! Lazima niandike kabla haijapoa.

Saa tisa hivi Capitoline amebisha hodi. Amevaa vizuri, anacheka kwa aibu kidogo, mkononi ana chupa yenyewe, imebaki theluthi. Akasema amenihifadhia mimi, shingo ikipona. Nikajisemea, aha, sasa haina kazi ndiyo anagawa.

Akakaa karibu yangu. Akaanza kusema kwamba watu wa Kiringye wamekuja kwa ajili ya Claire, familia ya mwalimu, watu wa sala, na kwamba arusi huenda ikawa baada ya Noeli. Alikuja kujisifu, unaona! Kuniambia mimi, nisiye na binti! Akasema usiku hapati usingizi, anafikiri nani atasimama nyuma ya mtoto wake. Akasema zile rozari tatu hazisahau, kwamba hakuna mtu aliyewahi kupiga magoti naye kwenye changarawe muda mrefu vile. Akanishika mkono. Akasema, Mama Onesphore, dada yangu, nilitaka nikuombe...

Hapo ikamfikia.

Nilimwona! Pua kwanza, kisha macho, kisha mkono ukaniachia. Akauliza kama kuna kitu kimekufa chini ya nyumba. Nikamwambia hapana, kwa utulivu, nikapepea kitambaa kidogo ili asikose. Akasogea kwenye kigoda cha mbali. Kisha mlangoni. Akasema amekumbuka ameacha maharagwe motoni, tutaongea siku nyingine, na kwamba kwanza amwone wifi yake Sidonie. Akaondoka mbio na leso puani. Na chupa yake akaondoka nayo!

Ameingia anacheka, ametoka anakimbia. Kama huo si wivu, sijui wivu ni nini. Nitamwombea Salamu Maria ishirini. Ninazo zile ambazo sikuzitumia.

Nimepima toka hapo. Rozari ya kwanza, ndagala. Ya pili, ndagala. Ya nne, ndagala ileile, haijapungua hata nukta. Hii ndiyo harufu yenye msimamo!

Sasa kazi imebaki moja tu, kujua kuna binti gani mwingine wa kuolewa hapa Uvira. Nimefikiri jioni nzima. Sijasikia hata mmoja.